Meno ya Mwonjaji Mvinyo: Usikimbilie Mswaki Ukitoka Kuonja

Kila msimu wa wageni, kliniki za meno hapa Malindi hupokea malalamiko ya namna moja kutoka kwa wafanyakazi wa mahoteli: maji baridi hayanyweki, upepo wa bahari ukipiga meno yanaingia ganzi, na meno ya mbele yanaonekana kufupika. Wengi huwa wamekwisha kumeza dawa za maumivu, na wengine huja wameshaamua kung'oa. Tukiwauliza kazi, wanasema wako baa, au jikoni. Mpaka tuwadodose ndipo inapojulikana kwamba ndio wanaoonja mvinyo kabla haujafika mezani kwa mgeni, au wanafunzwa kazi hiyo.

Nianze na huku kuficha, maana kunachelewesha matibabu. Tunaelewa. Kijana ametoka kwenye nyumba ya watu wa dini, na hataki ifike kwa mamake kwamba anashika glasi ya mvinyo, hata kama haumezi. Lakini daktari wa meno si kadhi. Unayotueleza hayatoki chumbani humo. Ukituambia "ni maembe mabichi tu", tutakushauri uache maembe, na meno yataendelea kulika.

Mvinyo una asidi ya tartari, ile ile inayoupa ukwaju ukali wake. Kwenye kipimo cha pH, mvinyo mwingi huwa kati ya 3 na 4, na gamba la nje la jino huanza kuyeyuka pH ikishuka kufikia takriban 5.5. Namba ya kipimo hicho ikishuka hatua moja, ukali wa asidi huongezeka mara kumi. Anayekunywa glasi moja na chakula, mate yake hupata nafasi ya kupooza ile asidi. Mwonjaji hapati nafasi hiyo: husukutua, hutema, huchukua glasi nyingine, na mate hayajamaliza kazi ya ile ya kwanza. Mwaka 1997 watafiti wa Sweden walichapisha uchunguzi wa waonjaji 19 wa shirika la serikali linalouza vileo nchini humo. Hao walikuwa wakionja mvinyo 20 hadi 50 kwa siku, na 14 kati yao walikutwa na meno yaliyolika.

Tunasikia kila mara: "Lakini mimi natema." Asidi hudhuru jino ikiwa mdomoni, haihitaji kufika tumboni. Na kule kusukutua ndiko kunakoifikisha kwenye kila jino.

Tukikufungua kinywa, tunatazama mambo machache. Ncha za meno ya mbele huwa nyembamba, karibu kupitisha mwanga. Juu ya magego hutokea vishimo vya mviringo, na katikati yake rangi ya manjano, ambayo ni tabaka la ndani lililokwisha kuwa wazi. Kama jino liliwahi kuzibwa, ile simenti hubaki imesimama juu, jino lenyewe limeshuka kuizunguka. Hapo hatuhitaji kuuliza sana.

Wengi husema jino limeingiwa na mdudu. Hakuna mdudu. Narudia kwa sababu tumechoka kulisikia: hakuna mdudu aliyeingia kwenye jino hilo, na kuling'oa hakutibu chochote, kwani la pembeni yake limelika vile vile. Wala rangi ya mvinyo mwekundu haitolewi kwa mkaa, magadi au ndimu, hata kama umeona video ya mtu akicheka kwa meno meupe. Ndimu ni kali kuliko mvinyo. Mkaa ukisuguliwa kwenye jino lililolainishwa na asidi ni msasa kwenye chaki iliyoloa.

Kosa tunalolikuta zaidi, na wanaolifanya ni watu wasafi wenye nia njema, ni kupiga mswaki mara tu baada ya kuonja. Wakati huo gamba bado ni laini, na mswaki huliondoa. Sukutua kwa maji matupu, kunywa maziwa au kula kipande cha jibini ukipata, kisha ngoja angalau nusu saa. Saa nzima ni bora. Tumia mswaki laini na dawa ya meno yenye floraidi, na baada ya kupiga mswaki tema tu povu, usisuuze. Mswaki wa mti haukatazwi, ila usiusugue kwa nguvu. Gamba likishaondoka halioti tena. Tunachoweza ni kupaka floraidi, kuziba palipo wazi na kuzuia lililobaki. Mwenye kiungulia cha mara kwa mara atuambie pia, kwa sababu asidi ya tumboni inafanya uharibifu huo huo. Wanaoonja juisi ya ukwaju na ndimu siku nzima sokoni, haya yanawahusu.

Sasa cheti. Wafanyakazi wengi hutuonyesha cheti cha afya cha wahudumu wa chakula wakidhani kinywa kilikaguliwa. Cheti hicho hufanywa upya kila miezi 6, na lengo lake ni maradhi yanayoambukiza kupitia chakula. Ndiyo maana hupimwa choo maabara. Atakayekutwa akihudumu bila cheti anaweza kufikishwa mahakamani, lakini kuwa nacho hakusemi lolote kuhusu meno yako.

Kwa waajiri: Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inawataka mlinde afya ya mfanyakazi akiwa kazini. Maji ya kusukutua kando ya kila meza ya kuonjea, na mapumziko kati ya duru moja na nyingine, si gharama. Chini ya Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini, ya mwaka huo huo, mwajiri aliyearifiwa kuhusu jeraha anapaswa kuripoti kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini ndani ya siku 7, kwa fomu ya DOSH/WIBA 1: sehemu moja anaijaza mwajiri, nyingine daktari. Mfanyakazi akikaa miezi 12 bila kumwarifu mwajiri kuhusu ajali, haki yake hupotea. Meno hulika polepole, hayana siku moja ya ajali, kwa hivyo mwarifu mwajiri kwa maandishi pindi ganzi inapoanza na ubaki na nakala. Sisemi kwamba kila jino litalipwa; uamuzi huo si wa kliniki.

Ukija kwetu, uje na majibu matatu: unaonja glasi ngapi kwa siku, tangu mwaka gani, na unapiga mswaki saa ngapi.