Ukipigwa tochi nchi ya watu, faini inakufuata mpaka Tanga?

Jirani yangu wa hapa Ngamiani alivuka mpaka wa Horohoro mwezi uliopita na Noah yake, amebeba shangazi zake watatu na mabegi ya harusi, safari ya Ukunda, Kenya. Walipoiacha Lungalunga na kuikaribia Msambweni, askari akatokeza chini ya mwembe akampungia mkono asimame. Kwenye kioo kidogo cha tochi ya kupimia mwendo kulikuwa na picha ya namba ya gari, saa na dakika, na tarakimu mbili: 54. Kibao alichokipita kilikuwa cha 50. Askari akatazama leseni, akatazama mle ndani walimokaa kina shangazi, akasema, "Mzee, huku punguza," kisha akamrudishia leseni yake.

Aliporudi na kutusimulia kijiweni, kila mtu alitoa sababu yake. Mmoja alisema askari amewaonea haya kina mama. Mwingine akasema ameachiwa kwa sababu gari lina namba za Tanzania, wangempeleka wapi? Ndipo swali likanigeukia mimi: "Kaka, wewe unayesomasoma, hebu tuambie. Angekuwa na 70, halafu akavuka zake Horohoro, wangempatia wapi?"

Nimeona nilijibu kwa urefu, maana watu wa Tanga tunatembea. Kuna wanaokwenda Mombasa kila wiki, kuna wenye ndugu Muscat na Dubai, kuna watoto wetu Ulaya. Na wengi tunaamini kwamba mpaka ukishavuka, deni limebaki nyuma.

Kwanza, jirani hakuhurumiwa. Kanuni za Kenya za makosa madogo ya barabarani, za mwaka 2016, zimepanga mwendokasi kwa ngazi. Ukizidisha kilomita 1 hadi 5 kwa saa unapewa onyo. Ukizidisha 6 hadi 10 ni shilingi 500 za Kenya, 11 hadi 15 ni 3,000, na 16 hadi 20 ni 10,000. Zaidi ya 20 hakuna faini ya papo hapo, ni kusimama mbele ya hakimu. Yeye alizidisha 4, akapata onyo, sawasawa na ambavyo angepata mtu wa Kwale. Angekuwa na 70 angekuwa amezidisha 20, yaani yuko kwenye ukingo kabisa: kilomita moja zaidi ni mahakamani.

Hilo ndilo jambo la kwanza la kuelewa. Sheria ya barabara hufuata ardhi, haifuati uraia. Ukiwa Msambweni unaendesha kwa sheria ya Kenya, na mtu wa Mombasa akipigwa tochi Muheza anaandikiwa ileile faini ya shilingi 30,000 tunayoandikiwa sisi. Leseni ya kwetu inakuruhusu kuendesha kule, lakini haiji na vibao vya kwetu.

Ugumu unaanza kwenye kudai. Askari wa nchi moja hana mamlaka ya kugonga mlango nchi nyingine, na hakimu wa nchi moja hawezi kumwagiza dalali akakamate mali nchi nyingine, mpaka serikali mbili ziwe zimekubaliana. Kwa hiyo kila nchi hujiuliza: mgeni huyu kabla hajaondoka, tuna nini chake mkononi? Majibu ya swali hilo ndiyo yanayofanya adhabu za wageni zionekane kali kuliko za wenyeji, hata pale ambapo kiwango cha faini ni kilekile.

Njia ya zamani kuliko zote ni kulipa hapohapo. Mwenyeji anapewa karatasi aende nayo nyumbani kwa sababu anwani yake inajulikana, wakati mgeni anaombwa fedha au dhamana akiwa bado barabarani. Uingereza iliweka utaratibu huo mwaka 2009: dereva asiye na anwani ya kuaminika nchini humo anatakiwa kuweka amana, asipoweza gari linazuiwa. Italia sheria yao ya barabarani inasema wazi kwamba mwenye gari lililosajiliwa nje analipa papo hapo au anaweka dhamana. Akikataa, gari linazuiliwa, na linaweza kukaa hadi siku 60. Fikiria uko na familia, mabegi yako kwenye buti, na gari linavutwa. Watu hulipa.

Denmark wamekwenda mbali zaidi ya hapo. Tangu tarehe 31 Machi 2021 wana sheria ya uendeshaji wa kichaa: ukipita kilomita 200 kwa saa, au ukiendesha zaidi ya mara mbili ya mwendo unaoruhusiwa huku umevuka 100, serikali inachukua gari na kulipiga mnada. Haijalishi wewe ni raia au mpita njia, na hata gari la kuazima au la kukodi linaweza kuchukuliwa. Oktoba mwaka huohuo mtu mmoja anayeishi Norway alinunua Lamborghini Ujerumani, akaanza safari ya kwenda nalo nyumbani. Njia ikapitia Denmark. Alikuwa nalo kwa saa chache tu alipopimwa kwenye barabara kuu akiwa na 236, mwisho unaoruhusiwa ni 130. Gari halikufika Norway. Kila nikisimulia hili kijiweni kuna anayepaza sauti kwamba ni uonevu, na mimi husema hapana. Kwa mwendo huo gari linapita karibu mita 65 kila sekunde moja. Mtu anayevuka barabara hana hata nafasi ya kugeuza shingo.

Lakini swali la jirani lilikuwa juu ya yule ambaye hakusimamishwa. Kamera zinazosimama kwenye nguzo hazina askari wa kukuonyesha kioo. Unapita, taa inamweka au haimweki, unaendelea na safari. Kamera haijui wewe ni Msambaa au Mjerumani. Imepiga namba ya gari tu. Hapo kila kitu kinategemea kama kuna mtu wa kuisoma namba hiyo na kusema ni ya nani.

Mama mmoja wa Chumbageni alinipigia simu akiwa na wasiwasi. Mwanawe anaishi Munich, kiangazi alikwenda Italia kwa gari lake, akarudi salama. Miezi saba baadaye barua ikaingia kwenye sanduku lake la posta, kutoka Italia, imeandikwa Kijerumani safi: namba ya gari, tarehe, saa, jina la barabara, kasi iliyopimwa, hata kifaa kilichotumika kupima. "Wataliano wamejuaje anakokaa mwanangu?" Mama aliogopa kwamba ni matapeli.

Hawakuwa matapeli. Umoja wa Ulaya waliona kwamba madereva wa kigeni walikuwa kama asilimia 5 tu ya magari barabarani lakini wakihusika na takribani asilimia 15 ya makosa ya mwendokasi. Mtu akishajua hafikiwi, mguu unakuwa mzito kwenye mafuta. Wakatunga sheria ya kupeana taarifa mwaka 2011, mahakama yao kuu ikaibatilisha mwaka 2014 kwa sababu ilipitishwa kwa msingi usio sahihi, wakaitunga upya mwaka 2015. Kwa sheria hiyo Italia inauliza kwa mtandao maalumu wa kompyuta, "namba hii ya Ujerumani ni ya nani?" na Ujerumani inatoa jina na anwani. Makosa yanayoulizwa ni pamoja na mwendokasi, kupita taa nyekundu, kutofunga mkanda, ulevi, na kushika simu. Lugha ya barua inatakiwa ilingane na lugha ya kadi ya gari, ndiyo maana ikaja kwa Kijerumani. Na ilichelewa kwa sababu Italia inajipa siku 360 za kumpelekea taarifa mtu anayeishi nje.

Kupata anwani, hata hivyo, si kupata fedha. Kuna makubaliano mengine ya mwaka 2005 yanayoiruhusu nchi moja ya Umoja wa Ulaya kuiomba nyingine imkamue mdaiwa kwa niaba yake, na faini iliyo chini ya euro 70 inaweza kukataliwa. Nililosoma humo likanishangaza ni hili: fedha zikikusanywa, kwa kawaida zinabaki kwa nchi iliyokusanya. Italia ikiomba na Ujerumani ikakusanya, Ujerumani inabaki nazo, isipokuwa wawe wameafikiana vingine. Ukilijua hilo unaelewa kwa nini nchi nyingi huona heri zikushike barabarani kuliko kuandikiana barua. Na Uingereza ilipotoka kwenye Umoja huo, mlango huu wa kupeana majina ya wenye magari ukafungwa pia.

Kisha kuna suala la nani hasa mkosaji. Uholanzi hawaulizi nani alikuwa kwenye usukani. Faini ya kamera inamwangukia mwenye gari. Ujerumani ni kinyume chake, lazima dereva ajulikane, ndiyo maana kamera zao hupiga kwa mbele ili sura ionekane. Uingereza wanamwandikia mwenye gari na kumlazimisha kisheria amtaje aliyekuwa akiendesha. Nimemwambia mama wa Chumbageni amuulize mwanawe kama siku hiyo hakumwachia rafiki gari. Nikamwambia pia aharakishe, kwa sababu faini ya Italia ikilipwa ndani ya siku 5 tangu kupokewa hupungua kwa asilimia 30. Hispania wanapunguza nusu nzima kwa anayelipa ndani ya siku 20.

Kwa wanaokwenda Dubai, habari ni nyingine. Huko mgeni mara nyingi anakodi gari, na anayeshikwa ni kampuni. Mwaka 2018 mtalii mmoja alikodi Lamborghini, akaliendesha usiku kwenye barabara ya Sheikh Zayed, na kwa muda usiofika saa nne akawa amepigwa na kamera mara zaidi ya thelathini. Faini zilizidi dirham 170,000. Zote ziliingia kwenye jina la kampuni, nayo kampuni ilikuwa imebaki na pasipoti yake. Kwa mtu wa kawaida mambo huwa madogo kuliko hapo lakini njia ni hiyohiyo: mkataba uliousaini bila kuusoma umewaruhusu kukata faini kwenye kadi yako ya benki, pamoja na gharama yao ya usumbufu, hata wiki kadhaa baada ya wewe kurudi. Kule kuzidisha zaidi ya kilomita 80 ni dirham 3,000, alama 23 za makosa kwenye leseni na gari kuzuiliwa siku 60, na hizo siku 60 mwenye gari la kukodisha atataka mtu amlipe.

Leseni yenyewe je? Kijiweni kuna aliyeapa kwamba ndugu yake alinyang'anywa leseni moja kwa moja huko nje. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu barabara unasema nchi inaweza kukuzuia kuitumia leseni yako ndani ya ardhi yake, na inaweza kuishika kwa muda wa adhabu. Ila ukiondoka nchini kabla ya muda huo kwisha, inatakiwa ikurudishie. Leseni ni ya nchi iliyoitoa. Uingereza hawana haja hata ya kuishika: mgeni akikosea wanamfungulia kumbukumbu yake pembeni na alama zinaandikwa humo. Zikifika 12 ndani ya miaka mitatu anaweza kufungiwa kuendesha, na leseni ya Tanzania iko mfukoni mwake imetulia.

Kwa hiyo nilimjibu jirani hivi. Huku kwetu mkono unaokushika ni wa barabarani na wa mpakani. Angepimwa 70 pale Msambweni, asingeondoka na karatasi ya kwenda kuisahau nyumbani. Angelipa au angeweka dhamana kwanza, na kina shangazi wangesubiri ndani ya gari. Angepita bila kusimamishwa, bado njia ya kurudi ni moja, na Lungalunga na Horohoro namba ya gari inaandikwa kuingia na kutoka. Tanzania nako deni linakaa kwenye namba ya gari, ndiyo maana siku hizi hakuna anayenunua gari la mtu kabla ya kuangalia mtandaoni kama linadaiwa na trafiki. Mimi ningekuwa mgeni hapa Tanga ningelipa zile 30,000 kabla sijakaribia mpaka, nikaitunza risiti kwenye simu na nyingine ya karatasi.

Ijumaa anarudi Ukunda kuwachukua shangazi zake. Ameniomba nimwandikie ngazi zile za Kenya kwa herufi kubwa, na karatasi ameichomeka kwenye kizuia jua juu ya usukani, pamoja na ile kadi ya njano ya bima ya COMESA. Mstari wa onyo ameukata kwa kalamu. Anasema huo ameshautumia.