Kabla leseni ya televisheni haijahama mkono

Tangu Agosti 2025, Nexstar, kampuni inayomiliki vituo vingi vya televisheni, ilipotangaza kuinunua kampuni mwenzake Tegna kwa dola bilioni 6.2, tunaulizwa sana kuhusu umiliki wa vituo vya televisheni vya maeneo nchini Marekani. Wengi huanza na kosa lilelile: kwamba sheria inakataza kampuni moja kuzidi asilimia 39 ya watazamaji. Sivyo. Kikomo hicho, kilichowekwa na Congress mwaka 2004, kinahesabu kaya zilizo katika masoko ambako kampuni ina kituo, ziwashe televisheni zisiwashe. Tena kituo cha UHF, yaani cha masafa ya juu zaidi, huhesabiwa nusu ya kaya zake. Kanuni hiyo ya nusu ilifutwa 2016, ikarudishwa 2017. Enzi za analogi, UHF ilipokuwa dhaifu, ilikuwa na mantiki. Baada ya dijitali ya 2009 sioni hoja ya kuitetea, na hayo ni maoni yangu, si ya ofisi.

Wengine hutuandikia: "Habari ni zilezile kila kituo, wafungieni." Uchungu wenu naujua. Mwaka 2018 watangazaji wa vituo vya Sinclair, kampuni nyingine kubwa ya televisheni, katika miji mbalimbali walisoma tamko moja neno kwa neno, na video zao zilipounganishwa zilisikika kama kwaya. Lakini kifungu cha 326 cha Sheria ya Mawasiliano kinaikataza Tume ya Mawasiliano, FCC, kudhibiti maudhui. Tumeshalieleza hili mara nyingi mno.

Mlango uko kwenye uhamisho wa leseni. Masafa ni mali ya umma, na leseni haihami bila Tume kuridhika kwamba umma utanufaika. Ombi likitangazwa rasmi, una siku 30 za kuwasilisha pingamizi. Onyesha kwamba unaishi ndani ya eneo la kituo au unakitazama mara kwa mara. Taja mambo mahususi, uambatanishe kiapo au tamko lenye saini ya mtu anayeyajua mwenyewe, na nakala umpelekee mwombaji. Siku ya 31 umechelewa.

Niliwahi kushika barua ya kurasa nne, hasira yake ya haki kabisa: chumba cha habari kimefungwa, utabiri wa hewa unasomwa kutoka mji mwingine. Haikuwa na tarehe hata moja, wala herufi za utambulisho wa kituo. Ikabaki kuwa maoni tu. Herufi hizo, zinazoanza na W au K, zimo kwenye faili la umma la kituo, mtandaoni, bure. Humo soma pia taarifa ya umiliki na mikataba ya uendeshaji, maana mwenye leseni anaweza kuwa mmoja na anayepanga habari akawa mwingine.

Sinclair ilipotaka kuinunua Tribune, kampuni nyingine ya vituo vya televisheni, wapingaji waliowahi muda walidai kwamba baadhi ya vituo ilivyosema itaviuza vingebaki mikononi mwake kwa mlango wa nyuma. Julai 2018 Tume ikaamuru suala hilo lisikilizwe na jaji wa utawala. Agosti Tribune ikajitoa. Mwaka 2020 Sinclair ikakubali kulipa dola milioni 48 kumaliza uchunguzi wa mwenendo wake, ukiwemo ukweli wa maelezo iliyoipa Tume kuhusu ununuzi huo.