Saa Haijalia, Lakini Kifua Kinabana: Maswali na Majibu Kuhusu Vifaa vya Kupimia Afya Nyumbani

Alfajiri moja mgonjwa alininyooshea mkono hata kabla hajaketi. "Tazama mwenyewe, sista, haijalia hata mara moja." Alikuwa anazungumzia saa yake janja. Shati lilikuwa limeloa jasho, na kiganja cha mkono wa pili kimekandamiza kifua kilichoanza kumbana tangu jioni. Usiku kucha alikuwa akiitazama ile saa, kana kwamba anangoja impe ruhusa ya kuja hospitali. Wagonjwa wa namna hii tunawapokea mara kwa mara, na maswali yafuatayo ndiyo wanayoniuliza wao na jamaa zao.

Swali: Vifaa hivi hasa ni vipi?

Jibu: Ni vihisi vinavyopima mwili ukiwa nyumbani na kutuma vipimo kwenye simu, au kwa wahudumu wa afya walio mbali. Kuna saa janja, mashine ya presha, kipimo cha oksijeni kinachobanwa kidoleni, kihisi cha sukari kinachobandikwa kwenye ngozi, na mzani.

Swali: Na akili mnemba inafanya nini humo?

Jibu: Programu hufundishwa kwa vipimo vya watu wengi mpaka itambue mpangilio fulani, kwa mfano mapigo ya moyo yanayokwenda ovyo. Kisha inalinganisha vipimo vyako na ilichojifunza, na kukadiria. Narudia: inakadiria. Tena inatafuta kile tu ilichofundishwa kutafuta. Jambo ambalo haikufundishwa litapita mbele yake nayo ikae kimya.

Swali: Kifua kinabana lakini saa haijatoa tahadhari. Nisubiri?

Jibu: Hapana. Usisubiri hata dakika 10. Kifua kinachobana, maumivu yanayopanda kwenye taya au kushuka mkononi, jasho jembamba, pumzi kukatika: hizo zenyewe ndizo tahadhari.

Swali: Lakini saa yangu ina ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo, na imeandika kwamba moyo uko sawa.

Jibu: Bado ni hapana. ECG ya hospitali huutazama moyo kutoka pande 12, saa huutazama kutoka upande mmoja. Kampuni ya Apple yenyewe inawaambia wateja wake kwamba saa yao haiwezi kugundua mshtuko wa moyo. Kama mtengenezaji anakiri, wewe unabishana na nani? Saa hizi zina faida, sikatai. Zinaweza kunasa mapigo yasiyo na mpangilio ambayo mtu hayahisi kabisa, na mapigo hayo yasipotibiwa huweza kuleta kiharusi. Kwa hiyo ikikupa tahadhari, nenda ukapimwe. Isipokupa na unaumwa, nenda vilevile.

Swali: Kipimo cha kidoleni kinasoma oksijeni 95 lakini mgonjwa anahema sana. Nimwamini nani?

Jibu: Mwamini mgonjwa. Kifaa hiki hupitisha mwanga mwekundu kidoleni, na mwanga huo huvurugwa na rangi ya kucha, vidole vya baridi, na hata weusi wa ngozi. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulionyesha kwamba upungufu wa oksijeni uliofichwa na kifaa hiki ulitokea karibu mara tatu zaidi kwa wagonjwa weusi kuliko kwa weupe. Namba ilikuwa nzuri, damu haikuwa nzuri. Kwa kawaida mtu asiye na ugonjwa wa mapafu husoma 95 hadi 100. Ikishuka chini ya 92, njoo, na tafadhali usizunguke vidole vyote 10 ukitafuta kitakachokupa namba ya kukufurahisha.

Swali: Mbona mashine yangu ya presha inabadilika kila mara?

Jibu: Mara nyingi ni namna unavyopima. Kaa dakika 5 umeegemea, miguu chini, mkono usawa wa moyo, mkanda juu ya ngozi wala si juu ya sweta. Usiongee. Kojoa kwanza. Pima mara mbili, uandike zote mbili. Wapo wanaoandika ile ya chini tu ili daktari asiwaongezee dawa. Daktari anayedanganywa anatibu karatasi. Ikifika 180 kwa 120 pamoja na maumivu ya kifua, macho kufifia au mkono kulegea, acha kupima, nenda.

Swali: Ipo saa inayopima sukari bila kuchoma ngozi?

Jibu: Usiitumie. Februari 2024 mamlaka ya dawa na chakula ya Marekani, FDA, ilitangaza kwamba haijaidhinisha saa wala pete yoyote ya aina hiyo. Ukichoma insulini, ile sindano ya kushusha sukari, kwa kufuata namba ya uongo, unaweza kupoteza fahamu.

Swali: Vipimo vyangu vinatumwa hospitali. Si kuna mtu ananiangalia muda wote?

Jibu: Uliza, usidhani. Mwaka 2010 utafiti wa Marekani kwa wagonjwa 1,653 wa moyo kushindwa kufanya kazi, waliokuwa wakiripoti hali zao kwa simu ya kujiendesha, haukuonyesha nafuu yoyote. Wa Ujerumani wa mwaka 2018, kwa wagonjwa 1,571, ulipunguza vifo. Huko madaktari na wauguzi walikuwa zamu usiku na mchana, wakipokea vipimo na kuchukua hatua. Kwa hiyo uliza: nani anasoma, na saa ngapi? Na ukiwa na ugonjwa huo, uzito ukiongezeka kilo 2 ndani ya siku tatu, piga simu wewe mwenyewe.

Swali: Ni usiku wa manane, mdomo umepinda upande mmoja, lakini vifaa vyote vinasoma vizuri. Tungoje kuche?

Jibu: Hapana, hapana kabisa. Hicho ni kiharusi mpaka hospitali iseme vinginevyo, na kwa kawaida dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tu tangu dalili zianze. Vifaa viache mezani. Kariri muda ambao mgonjwa alionekana mzima kwa mara ya mwisho, maana ndilo swali la kwanza tutakalokuuliza mlangoni.