Je, wajua kwa nini gari lililobadilishwa injini huweza kusomeka kwa namba ya gari jingine?

Corolla imetoka Japani, imefungwa injini ya mtumba mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, inatembea bila shida. Siku ya kuuzwa, mnunuzi anakuja na fundi wake. Mashine ya vipimo inachomekwa chini ya usukani, na kwenye kioo inatokea namba ya utambulisho inayoanza na SB1. Hizo ni herufi za Toyota iliyoundwa Uingereza. Kadi ya gari inasema mengine kabisa. Mnunuzi anaondoka akiamini kanusurika kuuziwa gari la wizi.

Pengine kanusurika kweli. Lakini alichokisoma si namba ya gari lile wala ya injini yake. Amesoma namba iliyohifadhiwa kwenye kontroli boksi, yaani kompyuta ndogo inayoongoza injini.

Injini yenyewe haina kumbukumbu yoyote. Kilichopo ni namba ya injini iliyogongwa kwenye bloku ya chuma. Namba ya utambulisho ya kielektroniki inakaa ndani ya kontroli boksi, ambayo kwenye Toyota nyingi imejificha nyuma ya droo ya dashibodi. Ndani yake mna kumbukumbu isiyohitaji umeme kujitunza, mara nyingi kichipu cha miguu minane. Ndiyo maana ukichomoa betri usiku kucha unaweza kufuta hitilafu zilizohifadhiwa, lakini namba hiyo utaikuta palepale. Ni sawa na laini ya simu: ukiihamishia kwenye simu nyingine, anayepigiwa bado anaona namba yako.

Sasa angalia injini zinavyouzwa. Injini nyingi huja ikiwa kamili, yaani na giaboksi, waya zake na kontroli boksi yake, kwa sababu fundi anajua vitu hivyo vimezoeana. Akifunga vyote, gari linaanza kujitambulisha kwa namba ya gari lililochinjwa ng'ambo. Akifunga injini tupu na kuacha kontroli boksi ya zamani, mashine haioni tofauti yoyote, hata kama injini imetoka bara jingine. Kwa hiyo namba kutofautiana si ushahidi wa wizi, na namba kulingana si ushahidi kwamba injini ni ya asili. Hilo la pili ndilo wanunuzi wetu wengi hawalifikirii.

Kwa nini namba iliwekwa humo tangu mwanzo? Sababu kubwa ni moshi. Marekani ililazimisha soketi moja ya vipimo kwa magari yote madogo kuanzia modeli za 1996, na ukaguzi wa moshi ukawa unafanywa kwa kuchomeka mashine. Ujanja nao ukazaliwa: karakana inapokea gari bovu, inachomeka mashine kwenye gari zima lililoegeshwa pembeni, kisha inatoa cheti kwa lile bovu. Kontroli boksi ilipolazimishwa kujitaja kwa namba ya gari, kuanzia modeli za 2005, ujanja huo ukawa mgumu. Namba hiyo basi ilikusudiwa kumbana mkaguzi. Haikuwekwa ili imsaidie mnunuzi wa Dar es Salaam, na ndiyo maana inamsaidia nusunusu tu.

Kuna jambo jingine linalochanganya watu hapa kwetu. Namba ya kimataifa ina herufi na tarakimu 17, na haitumii I, O wala Q ili zisifanane na 1 na 0. Magari yaliyoundwa kwa soko la ndani la Japani, ambayo ndiyo yamejaa barabara ya Morogoro, hayafuati mtindo huo. Yana namba fupi ya chasisi, kwa mfano NZE121, kisha kistari, kisha tarakimu saba. Hapo NZ ni ukoo wa injini na E ni Corolla. Corolla yenye injini ya 1ZZ huandikwa ZZE122. Ukikuta chasisi ya NZE121 na chini ya boneti kuna 1ZZ, huhitaji mashine kujua kwamba injini si ile iliyotoka nayo kiwandani. Na kontroli boksi nyingi za magari hayo ya Japani, hasa ya zamani, zikiulizwa namba hazijibu chochote. Nafasi tupu si dalili kwamba mtu kaifuta.

Injini mpya ikiwaka sekunde chache kisha ikazima, mara nyingi lawama hupelekwa kwenye namba hii. Kwenye magari mengi mkosaji ni mwingine: kinga ya wizi. Ufunguo una kichipu chenye msimbo wa siri, na kontroli boksi ngeni haiutambui ufunguo wako. Kubadili namba ya utambulisho hakutibu tatizo hilo. Ni lazima kuoanisha ufunguo na kontroli boksi.

Ukiniuliza, njia salama kuliko zote ni kubaki na kontroli boksi yako pale injini zinapofanana kabisa. Kufanana jina hakutoshi: injini ya 1NZ ya waya wa mafuta, unaovutwa na pedeli, haielewani na kontroli boksi inayotegemea pedeli ya umeme, na kontroli boksi ya giaboksi otomatiki si ya manyuo. Soma lebo, kwenye Toyota nyingi namba ya kifaa huanza na 89661, na tarakimu zinazofuata ndizo zinazotofautisha. Ikilazimu kubadili, fundi mwenye programu ya kiwanda anaweza kuandika namba ya gari lako, au kunakili kumbukumbu ya zamani kwenye kifaa cha aina ileile. Si watengenezaji wote wa magari wanaoruhusu hilo kirahisi. Mercedes huhifadhi namba mbili, ya asili na ya sasa, hivyo kifaa cha mtumba kinaendelea kutaja kilikotoka.

Namba iliyogongwa kwenye chasisi haiguswi kamwe, na mtu anayependekeza "kuilinganisha" na kontroli boksi mkimbie. Kinachobadilishwa ni karatasi: kadi yetu ina namba ya chasisi na namba ya injini pia, kwa hiyo baada ya kufunga injini nyingine mmiliki anapaswa kurekebisha taarifa TRA, Mamlaka ya Mapato Tanzania. Dai risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kodi, kwa muuza injini, yenye namba ya injini, na uitunze pamoja na kadi. Mnunuzi wa ile Corolla angeomba karatasi hiyo kwanza, akailinganisha na bloku, kisha akaikagua namba ya chasisi kwa macho na kuipapasa kwa kidole kuona kama chuma kimesagwa au kuchomelewa.