Je, wajua? Manioda ya Posta ya Marekani haina mwisho wa matumizi

Tuseme unapanga vitu vya bibi aliyeishi Marekani miaka mingi, na katikati ya barua zake inadondoka manioda (money order, karatasi ya malipo inayolipiwa kabla) ya dola 75 iliyonunuliwa mwaka 1979. Haijawahi kupelekwa popote. Je, hiyo ni pesa au ni kumbukumbu tu?

Ikiwa ilitolewa na Posta ya Marekani, ni pesa. Dola 75 kamili, haipungui hata senti, ingawa pia haijazaa riba hata senti. Ikiwa ilitolewa na kampuni binafsi, usishangilie kwanza. Igeuze usome maandishi madogo ya nyuma.

Manioda bado ina wateja wengi kule. Wakenya, Watanzania na Wakongomani wengi waliohamia Marekani huifahamu kabla hata ya kufungua akaunti ya benki: mwenye nyumba hataki kupokea kodi ya pango kwa noti, na hundi huna, basi unakwenda dirishani, unatoa fedha taslimu na ada kidogo, unapewa karatasi unayoiandika jina la unayemlipa. Posta inaruhusu hadi dola 1,000 kwa karatasi moja. Na kwa kuwa hela imeshatoka mfukoni, ni rahisi kuisahau. Mpangaji anahama ghafla, deni linafutwa, bahasha haitumwi, karatasi inabaki kwenye droo.

Hapo ndipo inapotofautiana na hundi. Hundi ni agizo kwa benki itoe fedha kwenye akaunti ya mtu, na baada ya miaka kadhaa akaunti hiyo inaweza kuwa tupu au imefungwa. Ndiyo maana sheria ya biashara ya Marekani hailazimishi benki kulipa hundi ya kawaida iliyopitisha miezi sita. Manioda ililipiwa siku ileile iliponunuliwa. Aliyeitoa ameshika hela ya mtu tangu siku hiyo, na hakuna sababu ya deni lake kufa kwa kuwa tu mdai amechelewa.

Posta ya Marekani ilianza kazi hii tarehe 1 Novemba 1864, katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Askari walikuwa wanatia noti kwenye bahasha kupelekea familia zao, na bahasha zinaibwa njiani. Uingereza ilikuwa imeshaonyesha njia, kwani huduma kama hiyo ilikuwa rasmi katika posta yake tangu mwaka 1838. Wamarekani walianza na ofisi 141, na kiwango cha juu kilikuwa dola 30. Leo dola 30 hazifiki mbali, lakini askari wa kawaida wa jeshi la Kaskazini mwaka ule alikuwa analipwa dola 16 kwa mwezi. Usalama wa manioda ulitegemea mbinu rahisi tu: posta iliyouza ilituma taarifa yake kando kwa posta itakayolipa, hivyo mwizi aliyeiba karatasi peke yake hakuwa na kitu.

Kampuni binafsi hazikukaa kando. American Express iliingia mwaka 1882, na leo majina yanayoonekana sana madukani ni Western Union na MoneyGram. Hizi nazo huahidi kulipa, ila nyuma ya karatasi kuna sharti: isipochukuliwa ndani ya muda fulani, mara nyingi mwaka mmoja au mitatu, ada ya huduma inaanza kukatwa kwenye kiasi chenyewe, mwezi baada ya mwezi, pale ambapo sheria ya jimbo inaruhusu. Manioda ya dola 40 iliyosahaulika miaka mingi inaweza kuliwa yote. Mimi naona jina "ada ya huduma" limekaa vibaya hapo, maana huduma yenyewe ni kukaa na hela ya mtu, na wakati huo wote kampuni inaweza kuiwekeza na kuvuna riba.

Kisichoondolewa na ada nacho hakiachwi kwa kampuni milele. Sheria za majimbo zinataka fedha zisizodaiwa zikabidhiwe kwa serikali ya jimbo, na kwa manioda muda wa kawaida ni miaka saba. Lakini jimbo lipi? Swali hilo limeyafikisha majimbo mahakamani mara kadhaa. Mwaka 1965 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba fedha ziende jimbo la anwani ya mwisho ya mwenye mali, na kama anwani haijulikani, ziende jimbo ilikosajiliwa kampuni. Sasa, muuza manioda dukani hakuandiki unaishi wapi. Karibu kila kitu kingeangukia jimbo la kampuni. Majimbo mengine yakalalamika, na mwaka 1974 Bunge likatunga sheria kwamba fedha za manioda zirudi jimbo iliponunuliwa. Vita haikuisha. Delaware, jimbo dogo lenye makampuni mengi kwenye daftari lake, MoneyGram ikiwemo, iliendelea kupokea mamilioni ya dola ya karatasi za MoneyGram zinazofanana na manioda, kwa hoja kwamba zile ni kitu tofauti. Februari 2023 majaji wote wa Mahakama Kuu waliikatalia.

Kwa hiyo mwenye manioda ya kampuni iliyozeeka aanze kwa kuipigia simu kampuni akiwa na namba iliyo kwenye karatasi. Akiambiwa fedha zilishakabidhiwa, atafute kwenye ofisi ya mali zisizodaiwa ya jimbo iliponunuliwa. Kutafuta ni bure, na anayekudai malipo ya awali ili "akufungulie faili" mkimbie.

Ya Posta ni rahisi zaidi. Aliyeandikwa jina anaipeleka dirishani na kitambulisho chake, na anasaini mbele ya karani, si nyumbani. Ofisi ndogo inaweza kukosa fedha za kutosha siku hiyo. Usifute neno wala kusahihisha jina kwa kalamu, kwani karatasi iliyochokorwa hukataliwa. Iliyochanika au kulowa hubadilishwa. Kama aliyeandikwa jina ameshafariki, atakayesikilizwa ni msimamizi wa mirathi mwenye hati, si mjukuu aliyeikuta.

Na kabla ya yote hayo, hakikisha ulichoshika ni manioda yenyewe. Mara nyingi kinachookotwa ni kile kipande cha risiti anachobaki nacho mnunuzi. Kina namba na kiasi, kinafanana kabisa na kitu chenye thamani, lakini hakilipwi. Faida yake ni kwamba kwa kutumia namba hiyo unaweza kujaza fomu 6401 pale posta, ukalipa ada, nao wakaangalia kama manioda ilishachukuliwa. Kama haijachukuliwa, mnunuzi ana haki ya kurudishiwa.

Mtu aliyeikuta akiwa Mombasa au Bukavu ana kazi nyingine. Manioda ya ndani ya Marekani hulipwa Marekani na katika maeneo yaliyo chini yake, basi. Zile za kimataifa, posta hiyo iliacha kuziuza Oktoba 2024.

Halafu kuna hasara ambayo hakuna sharti linaloitaja. Dola 100 zilizoandikwa mwaka 1975 bado ni dola 100, lakini bidhaa zilizonunulika kwa fedha hiyo wakati ule leo zinataka zaidi ya dola 500. Kwetu pigo ni kubwa zaidi. Mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika na shirika lake la posta likagawanyika, dola moja ilikuwa kama shilingi 8.3 za Tanzania, hivyo manioda ya shilingi 200 ilikuwa na thamani ya dola 24 hivi. Hata ukipata wa kuilipa leo kwa kiasi kilichoandikwa, hupati senti 10 za dola. Mkusanyaji wa karatasi za kale za posta huenda akakupa zaidi, kwa hiyo usiitupe.

Kenya ilitunga sheria yake ya fedha zisizodaiwa mwaka 2011, ikaanzisha mamlaka inayojulikana kama UFAA. Fedha zilizolala benki, kwenye kampuni za bima na hata salio la M-Pesa huishia huko zikisubiri mwenyewe. Kama mzee wenu alikuwa na tabia ya kuweka hela sehemu sehemu bila kumwambia mtu, jina lake ni la kulitafuta huko kabla ya kuhangaika na karatasi za kwenye droo.