Usimwambie Mama

Mtoto mwenye jambo zito hangoji uketi ofisini ufunge mlango. Atakuambia ukiwa unasuuza sufuria ya uji, mvua inagonga mabati, na akina mama wanabishana nani aliyetangulia foleni. Mimi niliambiwa mara ya kwanza nikiwa nimeinama chini ya meza, naokota kalamu za rangi. Alikuwa na miaka tisa. Alikuwa akichuna gundi iliyomkaukia kidoleni, wala hakuniangalia. "Anti, nikikuambia kitu, utamwambia mama?"

Nikajibu upesi: "Simwambii mtu."

Basi akaniambia. Kabla ya saa kumi jioni nilikuwa nimeshamwambia msimamizi wangu, afisa wa watoto na askari wa dawati la jinsia. Msichana alitibiwa, kesi ikaandikishwa, lakini mimi hakunisemesha tena. Kwa hesabu yake nilikuwa mtu mzima wa pili kumgeuka.

Nafanya kazi ya ulinzi wa watoto katika shirika dogo la kusaidia familia huku Eastlands, Nairobi, na kila mwajiriwa mpya namhadithia kisa hicho kabla sijampa fomu yoyote. (Nimebadilisha mambo madogo madogo ili mtoto asitambulike.) Siku hizi nikiulizwa swali lile nasema: "Kuna mambo siwezi kukaa nayo peke yangu. Kama kuna mtu anakuumiza, nitamwambia anayeweza kukusaidia, na utajua ni nani kabla sijamwambia." Wapo wanaonyamaza papo hapo. Inauma kumwona mtoto akimeza maneno. Lakini aghalabu hurudi, na akirudi anajua anachokifanya.

Akishaanza kusema, kazi yako ni ndogo kuliko unavyodhani: sikiliza. Usimuulize "Ni baba wa kambo, sivyo?" Swali la namna hiyo linamwekea mtoto jibu mdomoni, na siku ya mahakama wakili wa mshtakiwa atalirudisha mezani akiuliza nani alilitaja jina hilo kwanza. Mwambie tu, "Nieleze." Akinyamaza, nyamaza naye. Kuchunguza ni kazi ya polisi. Wewe unataka kujua mawili tu: je, leo atalala mahali salama, na je, anahitaji daktari sasa hivi.

Halafu andika, siku hiyohiyo, kwa maneno yake. Hapa ndipo nagombana sana na wenzangu wenye shahada. Mtoto amesema "alinifanyia tabia mbaya", afisa anaandika "mtoto ameripoti kudhulumiwa kingono". Hapana! Andika "tabia mbaya". Kila mzazi wa Nairobi anajua maneno hayo yanabeba nini mtoto akiyatamka huku ameinamisha kichwa, na majaji wanajua pia. Mahakama ya Rufaa imeshaeleza kwamba mahakama zetu hukubali tafsida za aina hiyo kutoka kwa watoto. Ukizibadilisha kwa lugha ya semina, umemnyang'anya ushahidi wake. Andika pia saa, mahali, nani alikuwa karibu, na uliuliza nini. Kama alikuwa akichuna gundi kidoleni, andika alikuwa akichuna gundi. Usiandike "alionekana mwenye huzuni", maana hayo ni maoni yako.

Kama ni unajisi, yaani mtoto ameingiliwa kimwili, saa zinahesabika. Dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya Ukimwi lazima zianzwe ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu zake. Sisi hukimbilia hospitali ya Mama Lucy Kibaki. Mtoto asiogeshwe kwanza, ingawa ndicho kitu cha kwanza mama yeyote anachotaka kufanya, na simlaumu. Nguo zisifuliwe. Zitiwe kwenye mfuko wa karatasi, kwa sababu ndani ya plastiki unyevu huharibu ushahidi. Nambari ya OB (ya kitabu cha matukio cha polisi) na fomu ya P3 (ya polisi, ambayo daktari huijaza baada ya kumpima) ni muhimu, lakini matibabu yasingoje karatasi.

Jambo linalonikosesha usingizi kuliko yote hayo ni kikao cha jioni. Shirika la familia lina udhaifu ambao shule haina: sisi tunaishi na wazazi. Tunamjua mama, tumemlipia kodi mwezi mmoja, tumemshika mkono mumewe alipofukuzwa kazi. Kwa hiyo mtoto akisema, mama huja kwetu akilia, nyuma yake wajomba wawili na mzee wa nyumba kumi, na lile neno: "Tumalizane nyumbani." Mara nyingi anayetuhumiwa ndiye anayeleta unga. Mama si mbaya. Amepiga hesabu ya Ijumaa ijayo.

Lakini hayo si ya kumalizana. Sheria ya Makosa ya Kijinsia ya 2006, kifungu cha 40, haimpi mama uamuzi wa kusimamisha kesi, wala chifu, wala wazee. Uamuzi huo uko kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Mimi huwaeleza hivyo bila kupandisha sauti, na nimeona ikimpa mama nafuu: anaweza kuwaambia wakwe kwamba hata angetaka, hawezi. Kisha tunakaa kuongea habari ya unga, kwa sababu tusipoongea habari ya unga mtoto atalazimishwa kubadilisha maneno kabla kesi haijatajwa. Na pale kwetu aliyesikia mtoto siye anayekaa na mama. Mtu mmoja hawezi kubeba machozi ya wote wawili.

Tusijisahau na sisi wenyewe. Mwanaume anayetaka kukaa karibu na watoto hatafuti baa, hutafuta mahali kama petu, na cheti cha polisi cha tabia njema kinakuambia tu kwamba polisi hawana rekodi yake ya uhalifu. Mimi napiga simu alikofanya kazi zamani na kumuuliza bosi wake wa zamani kama angempa mtu huyu mtoto wake amshindishe kutwa. Kimya kabla ya jibu huniambia mengi. Kwa vijana wa miaka 16 na 17 tatizo ni simu zaidi: hakuna mfanyakazi kuwaandikia faraghani WhatsApp usiku, na hakuna kumbeba mmoja peke yake kwenye bodaboda, hata mvua ikinyesha. Hata mimi.

Mwaka jana mgeni mmoja alisifu bango letu la 116, ile simu ya watoto isiyolipiwa inayopokelewa usiku na mchana. Nikachuchumaa mbele yake, nikaona ninachoona ni ukuta. Tulikuwa tumelibandika kwenye usawa wa macho yetu. Tukalishusha, tukaweka lingine ndani ya mlango wa choo, mahali pekee mtoto hukaa bila mtu nyuma yake. Baada ya wiki mbili mtu alikuwa amechora duara la kalamu nyekundu kuzunguka ile namba. Hatujauliza ni nani.