Hina nyeusi haipo: ninayojibu kila siku kwenye mkeka wa kupaka hina

Ijumaa alikuja bi harusi na mamake mdogo, siku mbili kabla ya nikahi. Sijafungua hata koni, mama mdogo akaniambia, "Huyu mpake ile nyeusi, lakini iwe ya asili." Nikamuuliza nyeusi gani hiyo ya asili. "Si hina nyeusi tu, mwanangu."

Nimekaa kwenye mkeka huu hapa Mji wa Kale, Mombasa, zaidi ya miaka 20. Maneno hayo huyasikia kila msimu wa harusi na kila Idi, tena kutoka kwa watu wenye elimu zao, wanaosoma nyuma ya kila pakiti ya maziwa kabla ya kuinunua. Safari hii nayaandika, ili atakayekuja nimpe asome mimi nikichanganya unga.

Hina nyeusi haipo. Mhina hautoi weusi, hautautoa hata uukandie kwa nini. Majani yake yana rangi inayoitwa lawsoni, na lawsoni ikishika ngozi huanza kwa rangi ya machungwa. Baada ya siku moja au mbili hugeuka kahawia iliyoiva, na kwenye viganja na nyayo, ambako ngozi ni nene, hufikia rangi ya kahawa chungu. Mwisho wake ni hapo. Kuanzia hapo hufifia jinsi ngozi ya juu inavyobanduka, na wiki mbili au tatu baadaye imekwisha.

Kinachoitwa hina nyeusi ni piko, na piko ni rangi ya nywele. Unga ule mweusi wa kwenye kipakiti ulitengenezwa kwa ajili ya kuficha mvi. Kinachotia weusi ndani yake ni parafenilenidiamini, PPD kwa ufupi, kemikali ya kiwandani. Mtu akichanganya piko na vijiko viwili vya unga wa hina ili inukie kama hina, weusi bado ni wa PPD. Kuuita mchanganyiko huo "ya asili" ni kumdanganya aliyenyoosha mkono kwa kukuamini.

Najua nitakachojibiwa: kama inafaa kichwani, mbona isifae mkononi? Unywele hauna uhai, ngozi ina uhai. Anayepaka rangi nywele kwa utaratibu huipaka kwenye nywele, akaiacha kwa dakika zilizoandikwa kwenye pakiti, akaosha. Sisi tunaichora juu ya ngozi tupu, tunaiacha ikauke, na bi harusi hukaa nayo saa nzima au zaidi. Umoja wa Ulaya unaruhusu PPD kwenye rangi za nywele kwa kiwango kisichozidi asilimia 2 pale inapopakwa, na hauiruhusu kabisa kwa kuchora ngozi. Maabara zilizopima michanganyiko ya "hina nyeusi" zimekuta mingine imepita asilimia 15. Na mpambaji anayekoroga kwenye kikombe cha plastiki hapimi chochote. Anaangalia tu kama imekuwa nzito.

Sasa nifike kwenye jibu linalonichosha kuliko yote: "Mimi nimepaka piko tangu usichana, sijadhurika hata siku moja."

Ndivyo mzio huu unavyofanya kazi! Hauji mara ya kwanza kwa watu wengi. Mwili huijua PPD taratibu. Unaweza kupakwa mara moja, mara tano, mara kumi, ngozi imetulia, kumbe ndani kinga ya mwili inaandika jina la mgeni huyo. Siku ikikamilisha kuandika, mara inayofuata inampiga. Na ikishamjua haimsahau tena, ni ya maisha. Kwa hiyo kupaka mara nyingi bila kudhurika si ushahidi kwamba wewe ni salama. Kila mara ni nafasi nyingine uliyoupa mwili wako ujifunze.

Nina mteja aliyepakwa piko harusi zote za ukoo wao. Kwenye harusi ya mdogo wake akapakwa kama kawaida, akacheza, akarudi kwake. Siku ya tatu maua yote yakaanza kuwasha, kisha yakainuka malengelenge yenye maji, ukiutazama mkono unaliona ua zima limechorwa kwa malengelenge. Yalipopona yaliacha kovu la ua lile lile, sehemu nyeupe, sehemu limevimba. Mwaka mmoja baadaye akapaka nywele zake rangi nyeusi ili afiche mvi. Akaamka macho yamefumba kwa uvimbe, akakimbizwa hospitali. Hakuna aliyemwambia kwamba mkono na kichwa ni kesi moja. Sasa hapaki tena rangi nyeusi ya nywele, na kila akienda kwa daktari wa meno husema mapema kwamba ana mzio wa PPD, kwa sababu wenye mzio huo wanaweza pia kudhuriwa na benzokaini, dawa ya kutia ganzi. Hata baadhi ya rangi za nguo nyeusi humwasha.

Angalia zile siku tatu, maana ndizo zinazowaficha wapambaji. Madhara hayatokei ukiwa bado umekaa kwenye mkeka. Huja siku ya pili au ya tatu, na kwa anayedhurika mara ya kwanza yanaweza kuchelewa hadi wiki mbili. Mgeni aliyechorwa ufukweni Diani au Nungwi huwa ameshapanda ndege. Bi harusi huwa yuko fungate. Mpambaji hapati habari, anaendelea kuapa kwamba kazi yake haijamdhuru mtu. Nyumbani nako watu hutafuta sababu kwingine: amekula kamba, ameonewa kijicho. Kijicho hakichori maua.

Wengine huniambia, basi nijaribu tone moja nyuma ya sikio. Kwa rangi ya nywele, fuateni maelekezo ya pakiti. Kwa kuchora ngozi mimi sijaribu, kwa sababu tone lenyewe linaweza kuwa ndilo somo la kwanza la mwili. Na usije na mtoto wa miaka saba ukaniomba "kaua kamoja tu keusi". Mtoto huyo ana maisha marefu mbele, na siku moja atataka kupaka nywele rangi.

Kuitambua ni rahisi. Rojo ya hina ni ya kijani au kahawia kama tope, inanukia majani makavu. Ya piko ni nyeusi tititi. Ukibandua hina baada ya saa moja utakuta machungwa hafifu. Ukibandua ukakuta weusi wa wino, hiyo si hina, hata mpambaji aape vipi. Muulize ametia nini. Akikujibu "ni siri ya biashara", ondoka. Na kama umeshapakwa na panawasha, osha, nenda hospitali mapema, na mweleze daktari kwamba ni piko. Usipake dawa ya meno, usipake shubiri, usisubiri kesho.

Wanaotaka weusi wa nywele kwa majani, yapo majani ya mnili: unapaka hina kwanza, unaosha, kisha unapaka nili. Soma pakiti lakini, kwa sababu ziko pakiti zilizoandikwa nili ambazo ndani yake mna PPD. Na nili haishiki ngozi kama inavyoshika nywele, kwa hiyo usinitume nikuchore nayo.

Hina yenyewe ikoleeje, basi? Hapa ndipo watu wanapoharibu. Wengine hutia petroli, wengine mafuta ya taa, nimeona hata anayetia maji ya betri. Hivyo vyote vinaunguza ngozi, havikolezi rangi. Majani ya chai na kahawa havidhuru, ila havina la ziada. Kinachokoleza ni unga mpya, uchachu, joto na subira. Nunua unga wa kijani kibichi. Uliogeuka kahawia umekaa dukani mno. Uchekeche kwa kitambaa cha mtandio mpaka uwe laini kama poda, la sivyo koni itaziba. Ukande kwa maji ya ndimu mpaka uwe kama mtindi mzito, tia sukari kidogo ili isikauke na kupukutika, funika, uache ulale. Kwa joto letu la Mombasa saa sita hadi nane zinatosha. Ukiona juu pamegeuka kahawia na chini bado kijani, rangi imetoka. Matone machache ya mafuta ya mkaratusi husaidia. Ya karafuu naogopa, ni makali, yamewaunguza wengi.

Paka siku mbili kabla ya shughuli, siyo usiku wa kuamkia. Kaa nayo saa sita au ulale nayo. Ikikauka ikwangue kwa kisu butu, na maji yasiguse mpaka kesho yake. Hili la maji ndilo watu wasilolisikia kabisa. Wananawa mikono kwa sabuni saa ile ile, halafu wananipigia simu kwamba hina yangu haikukolea.

Nikishasema ndimu, nitaulizwa: kama mnatia ndimu kwenye hina, mbona mnatukataza kuipaka usoni? Kwa sababu kiganja si shavu. Ndimu ni chachu mno kwa ngozi ya uso, na ina vitu vinavyoamshwa na jua. Ukijipaka ukatoka nje, jua linakuunguza mahali palipopakwa, na panapopona panabaki weusi unaoweza kudumu kwa miezi. Nimewapokea mabibi harusi wenye mabaka ya namna hiyo, waliyoyapata wakitafuta weupe kwa ndimu na magadi. Ndimu kwa samaki.

Huniambia pia kuhusu maji ya waridi ya kuchemsha nyumbani, utomvu wa shubiri wa kusaga, na singo mbichi, ule mchanganyiko wa maua wa kusugulia mwili: "hayaharibiki kwa sababu hayana kemikali." Yanaharibika kwa sababu hiyo hiyo. Chochote chenye maji na kisicho na kihifadhi kinaota vijidudu kabla hakijanuka. Singo ya wenzetu wa Unguja, yenye langilangi, yasmini, waridi, mrehani, karafuu na liwa, ikaushe kivulini na uirowanishe kiasi cha kutumia siku hiyo. Vingine viweke kwenye friji, baada ya wiki mwaga.

Neno hilo la "asili" limefika hata kwenye sabuni. Na nyinyi mnaouza sabuni ya nazi "isiyo na kostiki soda", ile kemikali kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni: hakuna mche wa sabuni ya nazi usiopitia kwenye kostiki soda. Kilo moja ya mafuta ya nazi huhitaji takriban gramu 183 za kostiki ili igeuke sabuni yote, nasi hupunguza kidogo ili mafuta yabaki. Ikishaiva, kostiki imekwisha kwenye sabuni, hiyo ndiyo iliyo kweli, semeni hivyo. Pimeni kwa mizani, si kwa kikombe. Mimina kostiki kwenye maji, kamwe si maji kwenye kostiki. Kisha iacheni ikauke wiki nne hadi sita kabla ya kuuza.

Nimetetea hina kwa nguvu, kwa hiyo niseme na hili, ambalo wapambaji wenzangu hawapendi nilitaje. Hina safi, ya majani matupu, inaweza kumuua mtoto mchanga. Wako watoto wanaozaliwa na upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, hasa wa kiume, na upungufu huo umeenea zaidi maeneo yenye malaria ya miaka mingi, pwani yetu ikiwemo. Lawsoni ikipenya kwenye ngozi laini ya mtoto kama huyo, chembe zake nyekundu za damu hupasuka. Utaona macho ya manjano, mkojo wa rangi ya chai, mtoto amelegea. Yameandikwa na madaktari, vifo vikiwemo, kutoka nchi ambako watoto hupakwa hina kwa furaha kama sisi. Mimi simpaki mtoto mchanga hata kitone cha baraka kwenye kiganja, na aliye mkubwa mwenye upungufu wa G6PD simpaki pia. Kama ukoo wenu una watoto waliowahi kuugua manjano kali au kuongezewa damu baada ya dawa fulani, ulizeni kliniki kipimo cha G6PD kabla ya kuniletea.

Wanja wa manga wa kwenye kope za mtoto ni hivyo hivyo. Jiwe linalosagwa mara nyingi ni galena, na galena ni madini ya risasi, metali yenye sumu. Mtoto hufikicha macho, kisha hutia vidole mdomoni. Bibi zetu waliupaka kwa mapenzi, hawakuwa na maabara ya kuwaambia kilichomo. Kope za mtoto hazihitaji chochote. Kwa bi harusi, nunueni penseli ya wanja iliyoandikwa viungo vyake.